Magugumaji juu, majani mengine chini: kwa nini tukisafisha ziwa anarudi yule yule?

#1 Kokoto Ziwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila magugumaji yanapoziba Ghuba ya Mwanza kwenye Ziwa Victoria, au Ghuba ya Winam kule Kisumu, mjadala huwa ule ule: mashine iko wapi, hela ya mashine imekwenda wapi, na wale mbawakavu, wadudu wanaokula gugumaji, waliomwagwa ziwani miaka ile waliishia wapi. Leo naomba tuushushe mjadala mita moja au mbili chini ya maji. Huko kuna mimea mingine, au ilikuwepo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kero tu: inanasa nyavu, inajisokota kwenye pangaboi. Mimea hiyo ndiyo mpinzani wa asili wa magugumaji. Ninachodai ni kwamba magugumaji hayatawali kwa ukali wake, yanatawala kwa sababu maji yenyewe yameshayapendelea. Ukiyavuna bila kugusa hali ya maji, umeyapa likizo.

Kwa wasioifahamu, tuna kambi mbili. Ya kwanza inaelea huru, mizizi inaning'inia majini bila kugusa tope: gugumaji lenye maua ya zambarau lililotoka Amerika ya Kusini, kabichi ya maji, salvinia, azola, na lemna, vile vijani vidogo vidogo vinavyofunika madimbwi. Kambi ya pili inaishi ndani ya maji: valisneria yenye majani marefu ya utepe, potamojetoni, najasi, hidrila, na seratofilamu, ambayo ina majani membamba yaliyozunguka shina na haina mizizi kabisa. Matete, mafunjo na yungiyungi tuyaache kwanza, yana habari yao.

Wote wanagombea mwanga na chakula. Kwenye mwanga hakuna mechi: anayeelea yuko juu, anapata jua la kwanza, na hewa ya ukaa anaivuta moja kwa moja angani. Anachokosa ni mguu wa kufika chini. Naitrojeni na fosforasi yake yote lazima aitoe kwenye maji yanayomzunguka. Wa chini yeye ana milango miwili. Mizizi yake inanyonya kwenye tope, majani yake yananyonya majini. Kwa hiyo anaweza kuishi kwenye maji maskini, na kadiri anavyokula ndivyo anavyozidi kuyafukarisha, mpaka yule wa juu anadumaa, majani yanakuwa madogo na ya manjano.

Wa juu huua kwa giza, wa chini huua kwa njaa. Silaha ni tofauti, na hapo ndipo utamu wa habari ulipo.

Mwaka 2003 Marten Scheffer wa Wageningen, Uholanzi, na wenzake walichapisha kazi katika jarida la PNAS. Walikuza lemna pamoja na elodea, mmea wa chini ya maji, kwenye vyombo vya maabara. Wakatazama takwimu za mitaro ya mashambani kwao, na wakaandika hesabu ya kuelezea ugomvi huo. Maji yakiwa maskini sana, wa chini anashinda. Yakiwa na chakula kingi mno, wa juu anashinda. Ila katikati kuna eneo ambalo mshindi anategemea nani alikuwa mwingi tangu mwanzo. Maji ni yale yale, chakula ni kile kile, lakini mtaro mmoja ni zulia la kijani juu na jirani yake ni maji maangavu yenye msitu chini. Kila mmoja akishakalia kiti anakilinda.

Na anavyokilinda! Zulia la magugu likifunga, oksijeni chini inashuka, maana mmea unaoelea hutoa oksijeni yake angani, wala haiingii majini. Tope likikosa oksijeni, fosforasi iliyokuwa imeshikwa na chuma ndani ya tope inaachiliwa na kupanda majini, na anayeifaidi ni yule yule aliyeziba juu. Anajipikia mwenyewe.

Sasa piga hesabu ya kuvuna. Gugumaji kwenye maji mazuri kwake huweza kujizidisha mara mbili kwa wiki mbili hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Tuseme umefanya kazi ya kishujaa, umeondoa asilimia 99, imebaki 1. Asilimia 1 ikijizidisha mara mbili kwa raundi saba inavuka 100. Raundi saba za wiki mbili ni miezi mitatu na kidogo. Bado hujahesabu mbegu zilizolala kwenye tope, ambazo zinaweza kukaa miaka mingi zikiwa hai.

Nitaendelea na habari ya Kariba. Karibuni kwa hoja.

---

#2 Chinga wa Mtandao

Nimeshavuta kigoda. Ila mkuu, hiyo ya wa chini kumuua wa juu kwa njaa mbona huku Mwanza hatujaiona hata siku moja? Mimi naona wa juu tu ndiye anayeua.

---

#3 Mzee wa Mwalo

Vijana wangu, salaam.

Nimesoma yote. Mwandishi anaongea vizuri, lakini naona anayapamba hayo majani ya chini kama vile hajawahi kutoa wavu humo. Sisi tuliovua tangu enzi za nyavu za uzi wa pamba tunayajua. Ukitega juu yake unatoa mzigo wa majani na samaki wawili. Wavu unachanika. Injini inazima kwa sababu pangaboi imefungwa. Kwa mvuvi, gugu la juu na gugu la chini ni magugu.

Lakini niseme na la haki. Zamani kwenye vighuba vya maji matulivu, palipokuwa na majani yale marefu ya utepe, ndipo sato wadogo walipokuwa wanakaa. Ukipita asubuhi unawaona. Siku hizi pale ni tope na maji ya kijani. Na magugumaji yalipokuja mwishoni mwa miaka ya themanini hayakukuta majani yale kila mahali. Kwetu yalikuwa yameanza kutoweka kabla.

Nani aliyatoa? Mimi nitasema kwa sababu nimestaafu na sina wa kumwogopa: makokoro. Kokoro linakwangua chini kama jembe. Linang'oa kila kitu.

---

#4 Kokoto Ziwani

Shikamoo mzee. Huo ushahidi wako ndio jibu la Chinga.

Chinga, ili wa chini aweze kumnyima wa juu chakula, lazima kwanza awepo, tena kwa wingi. Ziwa Victoria lilipokea gugumaji wakati mbaya. Uwazi wa maji ulikuwa umeshapungua sana ukilinganisha na vipimo vya miaka ya 1920. Mwani ulikuwa umeongezeka kwa sababu ya virutubisho vinavyoingia, na mwani nao unatia kiza. Hivyo mmea wa chini alikuwa amebanwa na wawili: mwani uliotanda ndani ya maji na, baadaye, magugu yaliyolala juu. Ukiongeza kokoro la mzee hapo, unakuta gugumaji limeingia kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama.

Na virutubisho hivyo msidhani ni maji machafu ya mijini peke yake. Mito kama Kagera, Simiyu na Nyando inaleta udongo wa mashambani. Sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hili inashuka kutoka angani, pamoja na mvua na vumbi, ukiwemo moshi na majivu ya kuchoma mashamba na mapori. Kuna makadirio yanayovuka nusu. Kwa hiyo hata mkulima wa mbali kabisa na ufukwe, akichoma pori lake Agosti, ana mchango wake.

Kuhusu nyavu kunasa, mzee, sibishani na wewe. Mmea wa chini ni kero kwa chombo na wavu. Ila sato ndogo inahitaji pa kujificha, na chini ya zulia zito la magugumaji haiwezi kwa sababu oksijeni hakuna. Wanaofurahia kule ni kambale na kamongo, wenye uwezo wa kuvuta hewa ya juu.

---

#5 Naivasha Tu

Hamjambo nyote. Mimi niko huku Naivasha, nimeona mnaongelea ziwa la nyuma yangu bila kulitaja.

Bwana Kokoto, hesabu yako ya kambi mbili ni sawa, lakini huku kwetu aliyeamua mechi hakuwa mmea. Alikuwa mnyama. Mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi, wale wekundu wenye asili ya Louisiana, Marekani, ili kuinua uvuvi. Wakazaana ajabu. Kamba huyu hula mimea ya chini ya maji na hukata hata asiyoila, shina linaelea linaoza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini najasi na potamojetoni zilikuwa zimetoweka karibu ziwa zima, na yale yungiyungi ya bluu ambayo wazee wetu wanayasimulia yalikwisha pia.

Tazama sasa jambo la kuchekesha. Kamba walipomaliza chakula wakapungua wao wenyewe. Majani ya chini yakaanza kurudi mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini. Kamba nao wakarudi. Ikawa hivyo kwa miaka, huyu anapanda yule anashuka. Lakini wakati viti vya chini viko tupu ndipo gugumaji likaingia, mwaka 1988. Kabla yake tulikuwa na salvinia tangu miaka ya sitini. Mizizi ya gugumaji ikawa maficho mazuri kwa kamba wadogo. Kwa hiyo kamba anamfyekea gugumaji mpinzani wake wa chini, na gugumaji linamficha kamba asiliwe. Hapo utasema nini?

Salvinia ilipatiwa dawa yake, mbawakavu mdogo sana aliyeletwa mwaka 1991, na kweli ikashuka. Nafasi yake ikachukuliwa na gugumaji. Ukimpiga mmoja wa kambi ya juu bila kupunguza chakula majini, anayemrithi ni ndugu yake wa kambi hiyo hiyo.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaingia kapi, samaki anayefukua tope akitafuta chakula. Maji yakavurugika zaidi. Watu wanapenda kuyataja mashamba ya maua peke yake. Mashamba yana lao, na mji wenyewe uliokua haraka una lake, na udongo wa kutoka milimani kupitia mto Malewa una lake. Lakini ukiuliza nani aliyeondoa mimea ya chini, jibu la kwanza ni kamba.

---

#6 Chinga wa Mtandao

Naivasha Tu, hii yako imeniacha mdomo wazi. Yaani kamba na gugumaji wameungana dhidi ya mmea wa watu? Na huyo kamba si analiwa hotelini?

---

#7 Naivasha Tu

Analiwa, na alisafirishwa sana Ulaya zamani. Wenyeji wengi hawakumzoea. Kama tungemla kama tunavyokula tilapia pengine majani yangekuwa na nafuu, ha ha.

---

#8 Bwawa Poa

Samahani wakuu naingilia kwa swali la mtu mdogo. Nina bwawa la sato nyumbani. Niliweka azola kwa ajili ya kuku na samaki, kama tunavyofundishwa kwenye makundi ya ufugaji. Mwanzo ilikuwa nzuri. Sasa imefunika bwawa lote, samaki alfajiri wanapumua juu juu, na majani ya chini yaliyokuwepo yameoza. Niongeze mbolea au nipunguze? Mtaalamu mmoja kaniambia nitoe naitrojeni, azola itakufa.

---

#9 Kokoto Ziwani

Bwawa Poa, usiongeze mbolea kabisa. Na ushauri wa naitrojeni hautakusaidia kwa azola. Azola ina vijidudu ndani ya majani yake vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo kuinyima naitrojeni ya majini haiumii. Inachotegemea zaidi ni fosforasi, na fosforasi ya bwawa lako inatokana na chakula cha samaki unachomwaga, kinyesi, na samadi kama uliweka.

Ondoa azola leo hii kwa chandarua mpaka zaidi ya nusu ya bwawa iwe wazi. Usiiache pembeni, ianike mbali au wape kuku. Halafu funga eneo la azola kwa fremu ya bomba inayoelea ili isitambae, ukuze unachohitaji humo tu. Samaki kupumua juu alfajiri ni dalili kwamba oksijeni imekwisha usiku. Kama unaweza kubadilisha sehemu ya maji, badilisha. Punguza chakula mpaka hali itulie. Yale yaliyooza chini nayo yatoe, yanakula oksijeni na yanarudisha mbolea.

Hapo unaweza kurudisha seratofilamu kidogo. Ila usiingize tilapia wale wanaokula majani, watakumalizia.

---

#10 Nesi wa Zamu

Naona kambi ya chini inapata sifa nyingi humu. Nami nitoe angalizo la zahanati.

Konokono wanaobeba kichocho wanapenda sana hiyo seratofilamu. Wanakaa humo, wanakula mwani mwembamba unaojipaka kwenye majani, wanataga humo. Kule bonde la mto Senegali watafiti waliitoa kwenye sehemu wanazotumia watu kuoga na kuchota maji, na maambukizi mapya kwa watoto yakapungua ukilinganisha na vijiji ambavyo haikutolewa. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2023. Majani waliyoyatoa wakayafanya mboji na chakula cha mifugo. Na sababu ya seratofilamu kuzidi ilikuwa ni hiyo hiyo mnayoijadili: mbolea ya mashambani inaingia majini.

Kwa hiyo msije mkawaambia watu wapande majani kwenye mialo ambayo watoto wanaogelea. Huku kanda ya ziwa kichocho bado kipo, mimi nakiona kila wiki.

---

#11 Kokoto Ziwani

Dada Nesi, hilo ni zito na nakubaliana nalo. Niongeze kidogo tu: seratofilamu ni wa peke yake katika kambi yake. Kwa kuwa hana mizizi, anategemea chakula cha majini karibu kama anayeelea, ndiyo maana anapenda maji yenye mbolea. Ukimwona amejaa peke yake, bila valisneria wala potamojetoni pembeni, maji tayari yameanza kunenepa. Wale wenye mizizi ndio wanaoweza kuishi maji yakiwa maskini.

Na konokono wa kichocho wanakaa kwenye mizizi ya gugumaji pia, kwa hiyo kuacha gugumaji si kinga. Sehemu ya watu kuoga na kuchota ibaki wazi, isiwe na mmea wa juu wala wa chini. Tunachozungumza hapa ni ghuba nzima, siyo mlango wa mwalo.

---

#12 Kokoto Ziwani

Sasa Kariba, kama nilivyoahidi. Hii ndiyo inayonifanya nisikate tamaa na kambi ya chini.

Bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe ya leo, lilifungwa Desemba 1958. Maji yalipopanda yaliizamisha ardhi ya bonde pamoja na miti, majani, majivu na samadi ya wanyama. Vyote vikaoza na virutubisho vikafumka majini. Salvinia iliyokuwepo mtoni ikajikuta kwenye karamu. Kufikia mwaka 1962 ilikuwa imefunika takribani kilomita za mraba 1,000, zaidi ya moja ya tano ya ziwa la wakati huo. Ndiyo maana huko Uganda, ilipoonekana Ziwa Kyoga mwaka 2013, waliiita gugu la Kariba. Watu waliamini ziwa limekwisha kabla halijajaa.

Haikwisha hivyo. Ile karamu ya mara moja ilikwisha. Virutubisho vingine vilitoka na maji yaliyopita bwawani, vingine vikazama kwenye tope. Mawimbi ya ziwa pana yakavunja mazulia na kuyatupa pwani. Salvinia ikaanza kurudi nyuma kabla ya yule panzi aliyeletwa kuila, ambaye aliachiwa mwishoni mwa miaka ya sitini na kuendelea. Na kwenye maji ya kina kifupi wakajitokeza wa chini: lagarosifoni, najasi, valisneria, potamojetoni. Sehemu nyingi zilizokuwa chini ya zulia zikawa bustani ya chini ya maji.

Salvinia haikufa, bado ipo kwenye vighuba. Na gugumaji lilikuja kusumbua Kariba miaka ya tisini, hasa mahali mito inapoleta maji machafu. Hilo nalo linathibitisha ninachosema. Ndani ya ziwa moja, upande wenye chakula una magugu ya juu, upande maskini una majani ya chini.

---

#13 Mhakiki Baridi

Mleta uzi, mfano wa Kariba unakusaidia, lakini unaukwepa wa Winam. Kenya waliachia mbawakavu mwaka 1997, Uganda mwaka 1995. Mwishoni mwa 1998 Winam ilikuwa na takribani hekta 17,000 za gugumaji. Miaka miwili baadaye hekta nyingi zilikuwa zimetoweka. Virutubisho havikupungua hata chembe katika kipindi hicho. Kwa nadharia yako gugu lisingetoweka. Lilitoweka kwa sababu liliwa, siyo kwa sababu lilinyimwa chakula.

---

#14 Kokoto Ziwani

Mhakiki, pingamizi zuri, nilikuwa nalisubiri.

Kwanza, hata wanasayansi wenyewe hawakukubaliana kwamba mbawakavu peke yao ndio waliofanya kazi ile. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mawingu mengi na mawimbi, na magugu yaliyotobolewa na mabuu yanajaa maji na kuvunjika kirahisi yakipigwa. Nadhani vyote vilisaidiana.

Pili, na hili ndilo kubwa: gugu lilipozama, nani alirithi? Kwenye mazulia yaliyokuwa yanazama ziliota nyasi za kiboko, zikayatumia kama jukwaa. Kwingine maji yakawa wazi lakini ya kijani, mwani. Majani ya chini hayakurudi kwa wingi wa kushika ghuba. Zulia lote lile lilizama pamoja na naitrojeni na fosforasi yake, likarudisha hesabu pale pale. Mvua kubwa za 2006 zilipoleta udongo mwingine, gugumaji likarudi Winam mwaka uliofuata.

Mbawakavu ni wazuri. Wanashusha idadi, na kwa mujibu wa ile kazi ya 2003, kushusha idadi kwa mkupuo kunaweza kumpa wa chini nafasi ya kukalia kiti. Lakini ni pale tu maji yanapokuwa katika lile eneo la katikati. Yakiwa yamezidi, unafungua mlango na hakuna anayeingia isipokuwa mwani.

---

#15 Mhakiki Baridi

Hapo nimekuelewa. Basi kuvuna kwa mikono au mashine kuna faida gani ya virutubisho? Tuache nadharia, toa namba.

---

#16 Kokoto Ziwani

Namba ni ya kusikitisha kidogo. Gugumaji bichi ni maji karibu asilimia 95. Tani 1 iliyopakiwa kwenye lori ina kilo 50 hivi za kitu kikavu. Naitrojeni kwenye kitu kikavu ni kama asilimia 2, inaweza kupanda au kushuka kidogo. Kwa hiyo tani nzima ya mzigo unaodondosha maji barabarani inatoa ziwani kilo 1 ya naitrojeni. Fosforasi ni pungufu ya hapo mara kadhaa. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mfuko huo ukisombwa na mvua kutoka shambani, umefuta kazi ya tani 23 za kuvuna.

Na hiyo ni kama umelipeleka mbali. Nimeona sehemu nyingi yanarundikwa pale pale ufukweni, yanaoza, na juisi inarudi ziwani. Hapo umefanya mazoezi ya viungo.

---

#17 Mzee wa Mwalo

Hiyo ya kurundika ufukweni ni kweli tupu. Vijana wanalipwa kwa mzigo uliofika nchi kavu, hakuna anayelipwa kuusogeza. Mvua ya kwanza inayarudisha mengine yakiwa bado mazima.

Sasa kijana wangu, mimi si mtu wa vitabu. Niambie: wakikupa wewe hela na boti leo, unaanzia wapi?

---

#18 Kokoto Ziwani

Mzee, siwezi kuanza na ghuba nzima. Ningetafuta kighuba kidogo kisichopokea mto wala mfereji wa mji, chenye maji ya kina kisichozidi mita mbili, ambapo bado kuna valisneria au potamojetoni hata kidogo pembeni. Wewe na wazee wenzako ndio mnaojua viko wapi, ramani haiwezi kuniambia.

Ningesubiri kiangazi, udongo hauletwi na mvua, nikatoe magugu yote kwa mkupuo mmoja badala ya kuyapunguza kidogo kidogo mwaka mzima. Mzigo uende juu, mbali na mstari wa maji, ufanywe mboji. Mdomo wa kighuba uwekwe kamba yenye maboya kuzuia mazulia yanayosukumwa na upepo kutoka nje, maana hata ukisafisha vizuri vipi, upepo wa jioni unaleta ya jirani. Na humo ndani kokoro lisipite kabisa, msimu mzima na zaidi. Hilo ni kazi ya kamati ya mwalo, siyo yangu. Halafu kila mwezi tungeshusha sahani nyeupe kwa kamba na kuandika inapotelea kina gani. Maji yakiangaza mpaka chini, majani yatafuata. Yakigeuka kijani, tujue pale tulichagua vibaya na tuhamie kwingine kabla ya kuteketeza bajeti.

---

#19 Chinga wa Mtandao

Na pale mto Mirongo unapoingilia ziwani, katikati ya jiji? Ndipo watu wanapolalamika zaidi.

---

#20 Kokoto Ziwani

Pale usianze. Pale anza na vyoo na mifereji ya juu.

---

#21 Mzee wa Mwalo

Kighuba nakijua kimoja. Kamati nitaongea nayo Jumamosi, ila wenye makokoro wako humo humo kwenye kamati. Nitawaletea majibu hapa.